Fujita, mtu aliyesoma upepo kwenye miti iliyoanguka

Kila mwaka mwezi wa kumi ukifika, hapa Kabondo-Dianda tunaanza kutazama juu. Joto linapanda, mawingu meusi yanajipanga, upepo wa baridi unapita mbele, kisha mvua inafika. Siku nyingi ni mvua tu. Lakini siku moja moja upepo unashuka kwa nguvu, dakika tano au kumi, manjanja yanaruka, mwembe unalala chini, ukuta wa matofali mabichi unaanguka. Nyumba moja inabomoka, na ile ya jirani haiguswi hata kidogo.

Hapo njo maneno yanaanza. Juu ya nini kwangu na si kwake? Nani ametuma huu upepo? Mara nyingi jina linalotajwa ni la mzee fulani, ama la mama mjane ambaye hana mtu wa kumtetea. Tumeona wazee wakifukuzwa katika mtaa juu ya mambo kama haya.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyejiuliza swali lile lile, juu ya nini hapa na si pale, na akalifuata miaka zaidi ya 50. Jina lake ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefanya kazi Marekani. Alikufa mwaka 1998. Watu wengi kwetu hawajui jina lake, lakini kila mtu anayepanda ndege leo anafaidika na kazi yake. Na tena maisha yake yanagusana na Katanga yetu kwa njia ya kushangaza.

Mtoto wa Kyushu

Fujita alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1920, katika kijiji cha Sone, kwenye kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Kijana alipenda milima, ramani na kuchora. Alipomaliza masomo ya sekondari alifikiria kwenda kusoma Hiroshima. Baba yake hakutaka, alimuagiza asome karibu na nyumbani, katika chuo cha ufundi cha Meiji, muji wa Tobata. Kijana akatii. Baba akafa muda mfupi baadaye, kabla ya kuona mtoto anamaliza.

Fujita alimaliza mwaka 1943 kama mhandisi wa mashine, na chuo kikamchukua kufundisha fizikia. Ilikuwa wakati wa vita. Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Agosti 1945, bomu la kwanza la atomiki liliangushwa juu ya Hiroshima, ule muji ambao baba yake alimkataza. Hilo agizo la baba, Fujita alilikumbuka maisha yake yote.

Siku tatu baadaye, tarehe 9 Agosti, ndege nyingine ya Marekani iliruka na bomu la pili. Muji uliochaguliwa siku ile ulikuwa Kokura, kilometa chache tu kutoka pale Fujita alikuwa. Ndege ikazunguka juu ya Kokura mara tatu. Mawingu na moshi vilikuwa vimefunika muji, rubani na wenzake hawakuona mahali pa kuangusha. Wakageuza, wakaenda Nagasaki, na Nagasaki njo ikapokea ile bomu. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Kijana wa Tobata alibaki mzima juu ya mawingu.

Jiwe lililotoka kwetu

Hapa tusimame kidogo, kwani hii habari inatuhusu sisi watu wa Katanga. Sehemu kubwa ya urani ambayo Wamarekani walitumia kutengeneza mabomu yale ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière. Sehemu ya kwanza ilipitia bandari ya Lobito, Angola. Baadaye, wakati wa vita, mawe yalipakiwa kwenye treni mpaka Port-Francqui, ambayo leo tunaita Ilebo, kisha kwenye mashua mpaka Léopoldville, kisha treni tena mpaka Matadi, na toka hapo meli mpaka Amerika.

Ile reli ya kwenda Ilebo ni hii hii inayopita Bukama, Kabondo-Dianda na Kamina. Wazee wetu waliokuwa wanafanya kazi ya reli waliona mabehewa yakipita, bila kuambiwa ni mzigo gani na unaenda kufanya nini.

Kusoma mauti chini

Majuma machache kisha mabomu, chuo kilituma kikundi kwenda kuona Hiroshima na Nagasaki, na Fujita alikuwa ndani. Alikuwa na miaka 24. Kazi aliyojipa ilikuwa moja: kujua bomu lililipuka mahali gani na urefu gani juu ya ardhi.

Katika makaburi ya Nagasaki aliona vyombo vya mianzi ambavyo Wajapani wanaweka maua ya marehemu. Kila mwanzi ulikuwa umeungua upande mmoja tu, ule uliotazamana na moto. Akapima mwelekeo wa alama za kuungua kwenye mianzi mingi, akachora mistari, na mistari ikakutana pamoja hewani. Pale njo bomu lilipasukia, karibu mita 500 juu ya muji.

Aliona pia miti. Ile iliyokuwa chini kabisa ya mlipuko ilibaki imesimama wima, bila matawi. Ile ya pembeni ililala chini, yote ikielekea inje, kama miti ya gurudumu la kinga inavyotoka katikati. Fujita alichora ile picha na akaibeba kichwani. Ilipita miaka karibu 30 mbele ya kuitumia tena.

Mlimani, peke yake

Kisha vita Japani ilikuwa maskini, hakuna pesa ya utafiti. Fujita akageukia hali ya hewa, kwani kuiangalia haikuhitaji mashine ya bei kali. Mwezi wa nane 1947 alipanda kwenye kituo kidogo cha hali ya hewa juu ya mlima Sefuri. Mvua ya radi ikapita juu yake. Yeye akaandika kila kitu: saa, upepo, baridi, uzito wa hewa. Alipopanga hesabu zake aliona jambo moja: ndani ya mvua ya radi, hewa haipandi tu, kuna sehemu ambayo hewa inashuka kwa nguvu mpaka chini.

Wakati ule ule, ng'ambo ya bahari, Wamarekani walikuwa wanafanya utafiti mkubwa wa kitu hicho. Mwaka 1946 katika Florida na mwaka 1947 katika Ohio, chini ya mwalimu Horace Byers wa Iniversite ya Chicago, ndege za kijeshi ziliingizwa moja kwa moja ndani ya mvua za radi, kila moja na urefu wake, ili kupima hewa inapanda wapi na inashuka wapi. Jibu lao lilifanana na lile la Fujita, aliyekuwa mlimani na vyombo vichache.

Fujita alijua kazi ya Byers kwa bahati. Juu ya mlima ule ule Wamarekani walikuwa na rada, na rafiki yake mmoja aliokota karatasi iliyotupwa pale, akamletea. Ilikuwa ripoti ya Byers. Fujita akanunua mashine ya kuandika Kiingereza, akatafsiri kazi yake mwenyewe kwa shida, akaituma Chicago. Byers aliisoma, akashangaa, akamuita. Mwaka 1953, mwaka aliopata udaktari katika Iniversite ya Tokyo kwa kazi juu ya taifuni, vile vimbunga vya bahari ya kwao, Fujita alifika Chicago. Alikaa huko mpaka mwisho wa maisha. Mwaka 1968 alipata uraia wa Marekani, akajiongezea jina la Theodore.

Ndege, kamera na ramani

Marekani ni inchi ya tornado. Ni upepo unaozunguka kama mkia unaotoka kwenye wingu mpaka chini, na unaweza kung'oa nyumba nzima. Tarehe 20 Juni 1957 tornado ilipiga muji wa Fargo. Fujita hakuwa pale. Alikusanya picha zaidi ya 100 ambazo wakaaji wenyewe walipiga, akatafuta kila mpiga picha alisimama wapi na saa ngapi, akazipanga moja kwa moja. Kutokana na picha za watu wa kawaida, akajenga upya maisha yote ya ile tornado.

Mwaka 1971 alitoa kipimo ambacho kinabeba jina lake mpaka leo, kutoka F0 mpaka F5. Akili yake ilikuwa rahisi. Hakuna chombo kinachobaki kizima ndani ya tornado kubwa, basi tupime upepo kwa kile ulichobomoa: tawi, paa, ukuta, nyumba nzima. Kipimo hicho kilirekebishwa na kuanza kutumika upya Marekani mwaka 2007.

Alipenda kuangalia toka juu. Kisha kila tufani kubwa alipanda ndege ndogo aina ya Cessna, akaruka chini chini juu ya mashamba na misitu, kamera mkononi, akipiga picha namna mahindi na miti vililala. Mwanzo wa miaka ya 1970 alipanda ndege ya mbio aina ya Learjet mpaka karibu na vichwa vya mawingu ya radi, kutazama vinavyopanda na kuporomoka. Na setilaiti zilizorushwa mwaka 1966 na 1967 zilipoanza kutuma picha za mawingu, yeye njo mmoja wa wale waliozipanga zikawa sinema, ili kupima mbio za mawingu, na kwa mawingu kujua mbio za upepo. Jambo hilo leo linafanyika kila siku duniani kote, hata juu ya Kongo.

Upepo unaoangusha ndege

Tarehe 3 na 4 Aprili 1974, tornado 148 zilipiga majimbo 13 ya Marekani ndani ya saa 24. Watu zaidi ya 300 walikufa. Fujita aliruka juu ya njia zao, maelfu ya kilometa. Mahali pengi aliona miti imelala kwa mzunguko, kama tornado inavyofanya. Lakini mahali pengine aliona kitu kingine: miti imelala yote ikielekea inje kutoka katikati, kama miti ya gurudumu. Ile picha aliwahi kuiona, kwenye ardhi ya Nagasaki.

Pale hapakupita bomu. Basi kitu gani kilitoka juu, kikapiga ardhi, kikatawanyika pande zote?

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Juni 1975, ndege Boeing 727 ya kampuni ya Eastern ilianguka New York ikijaribu kutua wakati wa mvua ya radi. Watu 113 walikufa. Kampuni ikamuita Fujita kusaidia. Akachukua karatasi za safari ya ile ndege na za ndege zilizotangulia, akapima dakika kwa dakika, akaona ndege zingine zilipita salama na zingine zilitikiswa vibaya, mahali pale pale. Akatoa jibu: kuna upepo mdogo, mkali, wa kushuka, ambao haujulikani na marubani.

Tueleze vizuri. Chukua ndoo ya maji, imwage toka juu kwenye sima. Maji yanapiga chini, yanatawanyika pande zote. Wingu la radi linafanya vile na hewa baridi. Hewa nzito inaanguka pamoja na mvua, inapiga ardhi, inakimbia pande zote. Upana wake unaweza kuwa chini ya kilometa 4, na inaisha ndani ya dakika chache. Njo maana nyumba moja inabomoka na nyingine inabaki.

Sasa ndege inayotua ikiingia humo, kwanza inakutana na upepo wa mbele, unaoiinua. Rubani anaona amepanda mno, anapunguza nguvu ya moteri. Sekunde chache, upepo unamsukuma chini. Kisha upepo unamjia kwa nyuma, mabawa yanakosa hewa ya kuyashika. Ardhi iko karibu, nafasi ya kujirekebisha hakuna.

Wataalam wengi walimkatalia. Walisema anabatiza jina jipya kitu kinachojulikana, na kwamba anakimbilia majibu mbele ya kuwa na ushahidi. Fujita hakugombana sana. Alitafuta rada.

Rada alizozitaka ni zile za Doppler. Wakaaji wa Kabondo-Dianda wanaelewa Doppler bila kwenda shule: treni ikikuja inapiga honi, sauti iko juu, ikipita, sauti inashuka. Rada ya namna hiyo inasikiliza matone ya mvua vile vile, inajua kama yanakuja ama yanaenda, na kwa mbio gani. Mwaka 1978 rada tatu ziliwekwa karibu na Chicago. Ndani ya siku 42 walihesabu karibu 50 za upepo ule wa kushuka. Mwaka 1982 utafiti ulirudiliwa karibu na Denver, wakaona zaidi ya 180. Ubishi ukaisha.

Ni huko Denver, tarehe 12 Juni 1982, Fujita aliona tornado kwa macho yake mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 61, na dunia nzima ilikuwa inatumia kipimo chake tayari.

Tarehe 1 Agosti 1983, upepo wa kushuka wa karibu kilometa 240 kwa saa ulipiga kiwanja cha ndege za kijeshi karibu na Washington, dakika chache tu kisha ndege ya Rais Reagan kutua pale. Viongozi wakaelewa hatari iko kwa wote. Lakini ajali mbili kubwa zilipita, moja karibu na New Orleans mwaka 1982, watu 153, na nyingine Dallas mwaka 1985, watu 137, mbele ya viwanja kuwekewa rada maalum na marubani wote kufundishwa. Ajali ya mwisho ya namna hiyo kwa ndege kubwa ya abiria Marekani ilikuwa Charlotte mwaka 1994. Watu 37 walikufa.

Ndani ya kimbunga

Uzeeni Fujita alirudia vimbunga vya bahari, somo la udaktari wake. Tangu tarehe 27 Julai 1943, siku rubani Joseph Duckworth alipoingia kwa makusudi ndani ya kimbunga karibu na Texas na akatoka mzima, ndege za utafiti zimekuwa zikiingia vimbunga kuvipima toka ndani. Fujita yeye alivisoma kisha vimepita, kwenye ardhi. Mwaka 1992 kimbunga Andrew kiliharibu kusini mwa Florida. Yeye, na miaka 71, akachora ramani ya uharibifu. Akaona upepo mkubwa wa kimbunga unabeba ndani yake mizunguko midogo, na mizunguko hiyo njo inabomoa msitari mmoja wa nyumba na kuacha msitari wa pili.

Kimbunga cha namna hiyo, kama Idai kilichobomoa Beira, Msumbiji, mwezi wa tatu 2019, hakifiki kwetu. Kinakula joto la bahari, na kikiingia bara kinakufa. Lakini mvua za radi tunazo kushinda karibu dunia yote. Setilaiti TRMM iliyorushwa mwaka 1997 ilihesabu radi miaka 16, na matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha eneo la Kabare, Kivu ya Kusini, ni la pili duniani, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu.

Kinachotubakia

Fujita aliacha kufundisha mwaka 1990, lakini hakuacha kazi. Alikufa Chicago tarehe 19 Novemba 1998, na miaka 78.

Miaka 12 na zaidi kisha kifo chake, tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Kisangani ilianguka kwenye kiwanja cha N'djili, Kinshasa, ikijaribu kutua katika mvua kali. Ilikuwa na watu 33. Mmoja tu alibaki mzima. Uchunguzi ulisema sababu inayoaminika zaidi ni upepo mkali wa namna ile aliyoigundua Fujita, chini kabisa, karibu na ardhi. Kwa hiyo elimu ipo tangu miaka ya 1970. Vyombo na mafundisho njo vinapaswa kufika kwetu, na ni haki ya abiria wa Kongo kuviuliza. Na siku rubani anakataa kuruka ama kutua sababu mvua iko juu ya kiwanja, abiria wasimkemee. Kungoja nusu saa ni kidogo.

Kwa sisi wa mitaa, kuna funzo lingine. Hakuna aliyefanya kazi ya Fujita na chuki. Aliangalia chini, akapima, akachora, akauliza watu walisimama wapi na waliona nini. Kwa hiyo mvua ijayo ikibomoa nyumba, mbele ya kutaja jina la mtu, tuzunguke kwanza mtaa. Tuangalie miti na manjanja vimelala vikielekea wapi. Vikiwa vimetawanyika inje kutoka sehemu moja, hewa ilianguka pale. Tupige picha na simu, tuandike saa. Na paa tulifunge vizuri kwenye ukuta, kwa waya na misumari ya kutosha, mbele ya mwezi wa kumi.

Ule mzee wa pembeni, tumuache akae nyumbani kwake.